Macho Hayana Pazia: Uhakiki wa Utazamaji kama Njia ya Kukusanyia Data za Fasihi Simulizi

Utangulizi

Ni nadra kuisoma tasnifu ya fasihi simulizi isiyoutaja utazamaji miongoni mwa njia zake za kukusanyia data. Neno hilo huwekwa katika sura ya mbinu, kati ya mahojiano na hojaji, likapewa aya moja au mbili, kisha aghalabu lisionekane tena hadi mwisho wa kazi. Msomaji afikapo kwenye sura za uchambuzi hukuta nyimbo, hadithi na methali zimepangwa kwa safu, kila moja na tafsiri yake. Lakini haelezwi ni nani aliyeimba, aliimba mbele ya nani, wakati gani, wala waliokuwapo walifanya nini alipokuwa akiimba. Mtafiti amesema kwamba alitazama, ila alichokitazama hakipo.

Jambo hili si dogo. Fasihi simulizi haina mwili mwingine ila ule iupatao inapotendwa. M. M. Mulokozi, katika makala yake juu ya tanzu za fasihi simulizi yaliyotokea katika jarida la Mulika mwaka 1989, aliisisitiza hoja kwamba fasihi simulizi ni tukio, wala si maneno matupu. Ikiwa ndivyo, basi mtafiti aliyeyachukua maneno akaliacha tukio amerudi nyumbani na ganda. Na kwa kuwa watambaji hufariki na ngoma nyingine hukoma kuchezwa, ganda hilo ndilo litakalobaki maktabani kuwa ushahidi, na vizazi vijavyo havitakuwa na mahali pa kulisahihishia.

Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia. Methali hiyo huwafariji wengi wanaodhani kuwa kutazama ni kazi nyepesi, kwamba yatosha mtu kufika mahali na kuyafumbua macho yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo ina kasoro. Macho ya mtafiti yana mapazia mengi: pazia la mahali alipoketi, pazia la jinsia na umri wake, pazia la swali alilokuja nalo, na pazia analotundikiwa na wenyeji wenyewe pindi wajuapo kuwa wanatazamwa. Utazamaji huwa njia ya kitaalamu pale tu mapazia hayo yanapotajwa na kuandikwa pamoja na kile kilichoonekana.

Maana ya Kutazama

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kazi ya jicho, na kila kimoja kina mzigo wake. Kuona ni jambo limjialo mtu hata asipolitaka. Kutazama ni kulielekeza jicho kwa kusudi. Kuangalia huongeza hadhari, ndiyo sababu mtu huambiwa aangalie asije akajikwaa. Kuchunguza ni kukitafuta kilichofichika ndani ya kile kinachoonekana. Kuchungulia ni kutazama kwa siri, kupitia tundu au ufa wa mlango. Kupeleleza ni kutazama kwa niaba ya mtu ambaye mtazamwa hamjui. Kushuhudia nako ni kuona kwa namna ambayo mtu aweza kuitwa kesho mbele ya kadhi au hakimu akaulizwa aliona nini, naye akajibu.

Waandishi wa vitabu vya mbinu za utafiti hawajaafikiana juu ya istilahi moja: wako wanaosema utazamaji, wako wanaosema ushuhudiaji, na wengine huutumia uchunzaji. Tofauti hiyo huchukuliwa kuwa ni ya ladha ya maneno tu, lakini yafaa izingatiwe zaidi. Mtafiti ajiitaye shahidi amejifunga kwa ahadi ambayo mtazamaji wa kawaida hana: atalitaja jambo alilokuwapo likitendeka, ataeleza alikuwa amesimama wapi, na atalitenga na lile aliloambiwa na wengine. Hicho ndicho kipimo ambacho makala haya yatakitumia.

Katika taaluma za jamii, mgawanyo wa nafasi za mtazamaji unaotajwa mara nyingi ni ule wa Raymond Gold, uliochapishwa mwaka 1958. Gold alizitaja nafasi nne: mshiriki kamili, ambaye wenziwe hawajui kuwa ni mtafiti, mshiriki ambaye pia hutazama, na watu wanajua, mtazamaji ambaye hushiriki kidogo tu, na mtazamaji kamili asiyeingia kabisa katika yale anayoyatazama. Mgawanyo huu una manufaa, lakini hudhania kwamba ni mtafiti ndiye ajichaguliaye nafasi. Hekima ya Waswahili yasema vingine. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: hapa mwenyeji ndiye aamuaye ni lini mtazamaji atageuzwa mshiriki, na jembe atakalopewa huenda lisiwe lile alilolitaka. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake juu ya Wanuer wa Sudan kilichotoka mwaka 1940, aliungama jambo hilohilo alipoeleza kwamba Waazande hawakumruhusu aishi kama mmoja wao, ilhali Wanuer hawakumruhusu aishi kwa namna nyingine yoyote. Nafasi yake kotekote iliamuliwa na wenyeji.

Iko methali nyingine ipendwayo na watafiti: ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Kwa adabu ya mgeni, methali hii ni nzuri. Kwa utafiti ina hatari yake. Mtafiti alivunjaye jicho lake kabisa atakuwa mkazi mwema wa kijiji, lakini hatakuwa na la kusimulia, kwani yote yatakuwa yamekwisha kuwa ya kawaida kwake. Ajifunze kulifumba na kulifumbua.

Matini Yasiyo na Macho

Wakusanyaji wa mwanzo wa fasihi ya Kiswahili hulaumiwa kwamba waliyajali maneno pekee. Lawama hiyo ni ya haki kwa sehemu kubwa, ila haiwahusu wote kwa kiasi kimoja. Edward Steere alipochapisha hadithi alizozikusanya Unguja, mwaka 1870, alitia katika utangulizi wake maelezo mafupi yenye thamani kubwa: kwamba hadithi za watu wa kawaida huwa na viitikio ambavyo wote waliopo huviimba pamoja, na kwamba mara nyingi mifupa ya hadithi imo ndani ya nyimbo hizo, naye msimulizi huiunganisha kwa maneno anayoyatunga papo hapo. Maneno hayo machache yanampa mhakiki wa leo zaidi ya kurasa nyingi za matini. Yanamwambia kwamba wimbo ndio uti wa mgongo, na kwamba hadhira ya Unguja ilikuwa mtunzi mwenza. Hayo Steere hakuyapata kwa kuuliza. Aliyapata kwa kuwapo. Kwa bahati mbaya aliyataja mara moja tu, kisha hadithi zenyewe zikachapishwa kana kwamba zilisimuliwa mbele ya ukuta.

Bronislaw Malinowski, aliyekaa katika visiwa vya Trobriand kati ya mwaka 1915 na 1918, aliifanya hoja hii kuwa kanuni. Katika insha yake ya mwaka 1926 juu ya visasili alishikilia kwamba matini ni ya muhimu, lakini bila muktadha hayana uhai: sauti ya msimulizi, majira ya mwaka, saa ya usiku, na itikio la wasikilizaji ni sehemu ya hadithi sawa na maneno. Tangu hapo hakuna aliyeikana kanuni hii waziwazi. Wengi wameikubali kwa mdomo na kuiacha kwa kalamu.

Mfano unaostahili kufikiriwa kwa kina ni ule wa utendi wa Mwindo wa Wanyanga, mashariki ya Congo. Utendi huo ulipatikana mwaka 1956 kutoka kwa mtambaji She-Karisi Rureke, ukachapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Utambaji ulichukua siku kumi na mbili. Biebuyck mwenyewe alieleza jambo ambalo mkusanyaji asiye mwaminifu angelificha: Rureke alisema mara kwa mara kwamba hajapata kamwe kuutamba utendi huo wote kwa siku zilizofuatana. Desturi ilikuwa kutamba kisa kimoja leo, kingine siku nyingine, kwa kadiri ya haja ya waliokusanyika. Tena mahali pengine katika matini Rureke anamtaja mwandishi anayeyaandika maneno yake na kumhimiza aendelee.

Basi kilichochapishwa ni nini? Kwa upande mmoja ni utendi wa Wanyanga, kwa lugha yao na kwa ustadi wa mtambaji wao. Kwa upande mwingine ni kitu kipya kilichozaliwa na ombi la mtafiti. Swali hili lilikuwa na uzito mkubwa katika miaka ya 1970. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya fasihi simulizi ya Afrika, alikuwa ametilia shaka kuwapo kwa utendi simulizi kama utanzu ulioenea barani, na Isidore Okpewho akamjibu kwa kitabu kizima mwaka 1979. Mwindo ni mmojawapo wa mashahidi walioitwa katika hoja hiyo. Lakini urefu na ukamilifu wa shahidi huyo ulitokana kwa sehemu na namna alivyoulizwa. Hilo halimwangushi Okpewho, kwa maana visa vyenyewe vilikuwapo kabla ya mtafiti kufika, na uhodari wa Rureke haukuletwa na mtu kutoka nje. Linaonyesha tu kwamba hoja juu ya utanzu haiwezi kuamuliwa kwa matini peke yake. Na kinachomwezesha msomaji kulijua hilo ni sentensi chache za Biebuyck juu ya hali ya utambaji. Zingekosekana, mabishano yote yangejengwa juu ya mchanga bila mtu kujua.

Yasemwayo bila Kusemwa

Umuhimu wa jicho huonekana wazi zaidi katika tanzu ambazo maneno yake ni machache. Uchukuliwe mfano wa maandishi ya kanga. Mtu aweza kuingia madukani Mombasa akanakili misemo mia moja kwa siku moja, akaipanga kwa maudhui: mapenzi, dini, wivu, ujirani. Kazi hiyo ina faida yake, lakini aliyeifanya hajakusanya fasihi ya kanga. Amekusanya misemo iliyochapishwa na viwanda. Kanga huanza kusema pale mwanamke anapoivaa siku fulani akapita mbele ya mlango fulani. Msemo uleule, mama akimpa bintiye siku ya arusi, ni wasia; mke mwenza akiuvaa asubuhi inayofuata ugomvi, ni mkuki. Tena mvaaji akiulizwa, aweza kusema kwa uso mkavu kwamba aliipendea rangi tu, na jibu hilo ni sehemu ya sanaa yenyewe: kanga huvaliwa ili jambo lisemwe bila ya mtu kuwa amelisema. Hojaji italiandika jibu hilo kama lilivyo na kupotea njia. Aliyekuwapo barazani, akamwona jirani akigeuza uso, ndiye mwenye data.

Vivyo hivyo kwa taarab. Kelly Askew, aliyefanya utafiti wake Tanga na kushiriki katika vikundi vya muziki, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 2002 jinsi kutunza kulivyo zaidi ya kumpa mwimbaji fedha. Mwanamke huinuka kwa ubeti maalumu, huenda kwa mwendo maalumu, hupita karibu na mtu maalumu, na kwa kufanya hivyo huufanya ubeti wa mwimbaji kuwa kauli yake yeye. Shairi ni lilelile usiku wote. Maana zake ni nyingi kama walivyo waliosimama. Mhakiki aliye na kanda pekee atausikia wimbo mmoja. Aliyetazama ataona hoja tatu au nne zikijibizana ndani yake, nyingine zikimhusu mtu ambaye jina lake halikutajwa wala halitatajwa.

Yafaa hata hivyo isidhaniwe kwamba jicho hujitosheleza. Mtazamaji asiyejua historia ya ugomvi wa wanawake wawili hataona lolote zaidi ya shilingi na vigelegele. Atalazimika kuuliza, tena amuulize mtu zaidi ya mmoja. Upande wa pili, mahojiano yaliyokosa utazamaji yana hatari kubwa zaidi. Marcel Griaule alimhoji mzee Ogotemmêli wa Wadogon kwa siku thelathini na tatu mwaka 1946, na kitabu alichokitoa mwaka 1948 kikasifiwa duniani kote kwa falsafa yake ya kina. Mwaka 1991 Walter van Beek, aliyekuwa ameishi miongoni mwa Wadogon hao kwa muda mrefu, aliandika kwamba mengi ya yaliyomo katika kitabu hicho hakuyakuta katika maisha ya watu. Wataalamu wangali wanabishana. Lakini fundisho kwa watafiti wa fasihi ni dhahiri: mzungumzaji mmoja hodari na msikilizaji mmoja mwenye hamu waweza kutunga pamoja jambo zuri sana ambalo jirani zao hawalijui.

Mtazamaji Abadilishapo Kinachotazamwa

Ugumu mkubwa wa njia hii ulielezwa vizuri na mwanaisimu William Labov mwaka 1972. Mtafiti wa lugha, alisema, hutaka kujua watu wasemavyo wanapokuwa hawatazamwi; lakini hawezi kulijua hilo ila kwa kuwatazama. Miaka kumi kabla yake Labov alikuwa amejaribu kuukwepa ugumu huo. Aliingia katika maduka matatu makubwa ya New York yenye wateja wa matabaka tofauti, akawauliza wafanyakazi mahali ilipo bidhaa aliyoijua kuwa iko ghorofa ya nne, akajifanya hakusikia ili walitamke tena jibu, kisha akajitenga na kuandika alivyoisikia sauti ya r. Kwa njia hiyo alipata data kutoka kwa watu 264 bila ya yeyote kujua.

Hila hiyo ilifaa kwa sauti moja ya lugha. Kwa fasihi simulizi haifai, kwa sababu fasihi haitendwi mbele ya mpita njia. Tena kuna upotofu katika kudhani kwamba utendaji usio na mtazamaji ndio ulio safi. Mtambaji siku zote anatazamwa. Kutazamwa ndiyo kazi yake. Kinachobadilika mtafiti afikapo ni kuongezeka kwa msikilizaji mmoja asiyejua kuitikia, mwenye chombo, na ambaye watu hudhani ana fedha au cheo. Swali la haki basi si vipi mtafiti atajifuta, bali vipi ataeleza alichokibadilisha.

Mfano mwema ni wa J. P. Clark wa Nigeria. Utendi wa Ozidi wa Waijo ulirekodiwa mwaka 1963 huko Ibadan, mbali na Delta ulikozaliwa, katika nyumba ya Bibi Yabuku, mtambaji akiwa Okabou Ojobolo na hadhira ikiwa ni Waijo waliokuwa wakiishi mjini humo. Kwa kipimo cha mwenye kutafuta usafi, hali hiyo ilikuwa na dosari kutoka mwanzo. Hata hivyo Clark, alipouchapisha mwaka 1977, aliyaacha ndani ya matini maneno ya wasikilizaji: maswali yao, vicheko vyao, masahihisho yao. Msomaji anamwona Okabou akisukumwa na hadhira yake, na anaona pia jinsi watu walio ughaibuni wanavyoutaka utendi uwakumbushe kwao. Hali isiyo ya asili, ikiandikwa kwa uaminifu, imekuwa data bora kuliko hali ya asili iliyofichwa.

Mwenyeji na Mgeni

Husemwa sana kwamba tiba ya kasoro hizi ni mtafiti kuwa mwenyeji. Hoja hiyo ina nguvu, na historia inaiunga mkono. Desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903 kina uhai ambao vitabu vingi vya wageni havina, kwa sababu sehemu kubwa ya maelezo yake ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mtu aliyeyaona mambo hayo tangu utotoni. Mwaka 1938 Jomo Kenyatta, aliyekuwa mwanafunzi wa Malinowski huko London, aliandika juu ya Wagĩkũyũ kama mmoja wao, na kwa kufanya hivyo akaukana uzoefu wa Waafrika kusemewa na wengine.

Lakini uenyeji nao una pazia lake. Mwenyeji huacha kuyaona yaliyo ya kila siku; na mwenyeji mwenye hoja ya kuwajibu wakoloni, kama alivyokuwa Kenyatta, huona haja ya kuonyesha jamii iliyopangika kuliko jamii inayogombana. Aidha uenyeji si kitu kimoja. Mwanamume wa Mombasa ni mwenyeji wa Mombasa, lakini si mwenyeji wa unyago. Nyimbo zifundishwazo huko, michezo yake na maana ya viungo vinavyotikiswa si vya macho yake, na mama yake mzazi hatamweleza. Atakayetaka kuziandika fasihi hizo hana budi ama awe mwanamke aliyekubaliwa na makungwi, ama akiri kwamba hakuona. Sehemu kubwa ya fasihi simulizi ya pwani imo mikononi mwa wanawake. Kwa hiyo swali la nani atazame ndilo pia swali la fasihi ipi itaandikwa na ipi itaachwa ipotee.

Haki ya Mtazamwa

Hapo ndipo panapofika suala zito kupita yote. Katika miaka ya 1970 mtafiti aliyetaka kurekodi alibeba kinasa sauti ambacho kila mtu alikiona. Siku hizi simu ndogo iliyolala juu ya mkeka yaweza kunasa kilio cha msibani, wimbo wa jando au matusi ya arusini bila ya mtu kushtuka. Wako wanaoona kwamba hili ndilo suluhisho la ugumu aliouonyesha Labov. Kumbe ni kurudi katika kuchungulia. Kutazama kwa siri hakuzai data safi. Huzaa data isiyoweza kuhakikiwa, kwa kuwa aliyeipata hathubutu kueleza aliipataje, na wenye fasihi hawawezi kuulizwa kama ilieleweka sawasawa.

Sheria nayo imeingia. Nchini Kenya mtafiti huhitaji kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2013, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawapa watu haki juu ya habari zinazowahusu. Lakini kibali cha serikali si ruhusa ya wafiwa. Mtu aweza kuwa na karatasi zote na bado akawa mwizi machoni pa waliomkaribisha. Ruhusa ya kweli huombwa kwa lugha ya mahali, kwa wazee au makungwi wanaohusika, na huombwa tena pale jambo linapobadilika. Aliyekubali kurekodiwa akiimba hajakubali kurekodiwa akilia. Na aliyekataa ameipa taaluma habari pia: ameonyesha mpaka ulipo, na mpaka huo wastahili kuandikwa.

Namna ya Kuandika Kilichotazamwa

Kasoro nyingi zilizotajwa hazitokani na uvivu wa macho bali na uhaba wa daftari. Ikiwa utazamaji utadaiwa kuwa ni njia ya kukusanyia data, basi kila matini yaliyotokana nao hayana budi kuandamana na mambo yafuatayo. Kwanza, hali ya utendaji: mahali, wakati, sababu ya watu kukutana, na kama wangekutana hata mtafiti asingefika. Pili, watu: fanani, hadhira, uhusiano wao, nani aliyeitikia na nani aliyenyamaza. Tatu, mambo yasiyo maneno: mwendo, mkono, mavazi, vyombo, na mahali ambapo utendaji ulisimama au ulikatizwa. Nne, nafasi ya mtafiti: aliketi wapi, alialikwa na nani, alitoa nini, alizuiwa kuona nini.

Zaidi ya hayo, daftari litenge mafungu matatu ambayo tasnifu nyingi huyachanganya: kilichoonekana, kilichoambiwa, na kilichodhaniwa. Mtafiti akiandika kwamba bibi fulani aliinuka katika ubeti wa tatu, huo ni ushahidi wa jicho. Akiandika kwamba aliinuka kwa kumkejeli mke mwenziwe, hayo ni maelezo ya mtu, naye atajwe ni mtu wa upande upi hata kama jina lake litahifadhiwa. Akiandika kwamba kutunza ni silaha ya wasio na sauti, hayo ni maoni yake mwenyewe. Yote matatu yana nafasi yake katika uhakiki. Yakimiminwa katika chungu kimoja, msomaji hujikuta anakula asichokijua.

Itasemwa kwamba masharti haya yatazipunguza kazi: badala ya nyimbo mia moja mtafiti atarudi na kumi na mbili. Na iwe hivyo. Nyimbo kumi na mbili zenye watu ndani yake zinafundisha zaidi ya mia moja zilizokatwa ulimi. Idara zinazopima tasnifu kwa wingi wa matini yaliyomo kwenye viambatisho zina sehemu yao katika kosa hili, kwa maana mwanafunzi hufanya kile anachokijua kuwa kitahesabiwa.

Hitimisho

Utazamaji umetajwa sana na kutendwa kidogo. Umekuwa neno la kuipamba sura ya mbinu badala ya kuwa kazi inayoacha alama katika kila ukurasa wa uchambuzi. Makala haya yameonyesha kwamba palipo na alama hiyo, hata ikiwa ni sentensi chache kama za Steere au ungamo kama la Biebuyck, mhakiki aweza kuyapima matini na kuyatumia kwa haki. Na pasipo nayo, hata mabishano makubwa ya wataalamu hukosa msingi. Macho ya mtafiti hayatakosa mapazia. Linalotakiwa ni kwamba asiyafiche. Aseme aliketi wapi, ni nini kilichomziba, na ni mlango gani aliofungiwa. Akifanya hivyo, msomaji atakayekuja baada ya miaka hamsini, wakati fanani na hadhira yake wote hawapo tena, atapata pa kusimama na yeye atazame.